Zawadi ya Mkono na Tarehe Isiyongoja



Leo napenda tuzungumze jambo la ndani ya nyumba ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo. Nalo ni zawadi ya kushonwa kwa mkono inapotakiwa iwe tayari kabla ya siku fulani, na siku yenyewe imeshakaribia. Kina dada wanaoshona, wanaofuma vitambaa vya meza na wanaodarizi kofia watanielewa upesi. Kina baba nao nawaomba wasiruke ukurasa, kwani mbele kuna habari ya mirathi, na hiyo inatuhusu sote.

Mimi ni mkazi wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Mwaka jana, siku ya Ijumaa baada ya swala, kaka yangu alinipigia simu akaniambia kuwa nikaha ya binti yake, tuliyokuwa tumeipanga baada ya miezi miwili, imerudishwa nyuma. Bwana harusi amepata kazi Kayanza na anatakiwa aripoti mapema, kwa hiyo wazee wa pande zote mbili wamekubaliana wafungishwe ndoa ili waondoke pamoja. Nikahesabu vidole. Zimebaki siku 19.

Niliposhituka, kaka alidhani nawaza pilau na maturubai. La. Niliwaza ahadi. Mama yetu mzazi, Allah amrehemu, alikuwa na desturi ya kumwambia yule mjukuu wake: "Siku utakayoolewa nitakushonea mfarishi mwenyewe, ulale juu ya nguo za bibi yako." Mama akafariki kabla ya siku hiyo kufika. Mimi ndiye shangazi, na mimi ndiye niliyebaki na kasha la nguo zake. Siku ya arubaini yake nilimwambia yule mtoto mbele ya watu kwamba mfarishi wake nitaushona mimi. Kisha, kama wanadamu tulivyo, nikaliweka jambo lile kando nikisema muda upo.

Kwa wale ambao jina hili si la kila siku kwao, mfarishi ni tandiko nene au shuka nzito ya kujifunikia yenye matabaka matatu. Juu kuna vitambaa vya rangi mbalimbali vilivyounganishwa, katikati kuna pamba au blanketi, na chini kuna kitambaa kizima. Kisha matabaka yote hushikizwa pamoja kwa uzi. Hapa kwetu ufukweni mwa Tanganyika joto halituruhusu kuutamani sana. Lakini Kayanza ni milimani, na bibi harusi aliyekulia Buyenzi akifika huko usiku wa kwanza atatafuta cha kujifunikia.

Kazi yenyewe si ngeni kwa watu wenye asili ya upande wetu wa bahari. Katika jimbo la Karnataka, India, wako watu waitwao Siddi, ambao mababu zao walitoka Afrika. Miongoni mwao wamo Waislamu, Wahindu na Wakristo. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Wao hawakati vipande vya kipimo kimoja kama nilivyofanya mimi. Huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, wakiweka kiraka juu ya kiraka na kushona tabaka zote kwa wakati mmoja, na kwenye pembe huongeza vitambaa vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Nawataja ili tujue kwamba kugeuza nguo ya jana kuwa zawadi ya leo si umaskini wala si ushamba. Ni elimu, na iko mikononi mwa akina mama.

Basi ngoja niwaeleze nilivyokosea, maana makala haya ni ya nasaha na mtoa nasaha aanze na nafsi yake.

Usiku uleule wa Ijumaa nilifungua kasha. Nikatoa kanga tatu za mama, nikaziloweka kuona kama zinatoa rangi, asubuhi nikazianika na jioni nikazipiga pasi. Nilikuwa nimepanga mfarishi wa upana wa sentimita 140 na urefu wa sentimita 200, wenye vipande vya sentimita 10 kwa 10. Kila kipande nilikikata sentimita 12, ili kubaki sentimita moja kila upande ya kushonea. Kabla ya kulala nilikuwa nimeshakata vipande 72. Mkasi ulipita katikati ya mji wa kanga na juu ya jina lake, maneno yakabaki nusu huku na nusu kule. Nilifurahi sana. Nilijiona hodari.

Siku ya tano mdogo wangu wa kike aliyeolewa Kigoma akanipigia. Alikuwa amesikia habari kutoka kwa wifi yetu, ambaye alizieleza kwa furaha tu. Akaniuliza: "Dada, na ile kanga nyekundu pia umeikata?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo iliyonoga zaidi. Akanyamaza. Kisha akalia. Ile ndiyo kanga aliyoivaa mama siku alipomsindikiza bandarini, akiwa bibi harusi, kuvuka ziwa kwenda kwa mumewe. Alikuwa akingoja aje Bujumbura aiombe. Hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokaa chini. Maana tatizo halikuwa kanga moja nyekundu peke yake. Mama ametuacha watoto wanne: kaka, mimi, huyu wa Kigoma, na mdogo wetu wa kiume aliyeko Uvira. Sote tunajua kuwa alichoacha maiti, baada ya madeni na wasia, ni haki ya warithi wake. Tunajua hivyo kwa nyumba na viwanja, na tunaitana vikao. Lakini kasha la nguo tunalichukulia kuwa ni la yule aliyelikuta chumbani. Nguo nazo ni mali. Kasha lilikaa kwangu kwa miaka kama amana, nami kwa ajili ya haraka ya siku 19 nikaligeuza kuwa langu.

Nilijitetea. Nilisema mama mwenyewe ndiye aliyeahidi. Lakini mama hakuandika wasia wala hakutaja nguo zipi, na ahadi ile ilikuwa ya mikono yake na nguo zake akiwa hai. Nikasema nia yangu ilikuwa njema. Nia njema inaipamba kazi iliyo halali. Haifanyi mali ya mwenzio kuwa yako. Nikasema muda ulikuwa hautoshi. Hili ndilo nililoliamini zaidi, na ndilo lililokuwa uongo kabisa, kwani kupiga simu tatu kungenichukua nusu saa.

Mdogo wangu aliponipigia tena kesho yake alikuwa ametulia. Akaniambia: "Nimekusamehe, dada. Lakini msamaha si sawa na ruhusa. Ungeomba, ningekupa zilizobaki zote." Maneno haya sijayasahau mpaka leo.

Niliweka mkasi chini nikawapigia wote. Kaka alikubali papo hapo, akasema mtoto ni wake na haoni haja ya kuulizwa. Nikamjibu kuwa anaulizwa kwa sababu ni mrithi, si kwa sababu ni baba wa bibi harusi. Wa Uvira alisema tuchukue tunachotaka, ila buibui la mama lisiguswe. Wa Kigoma aliomba kilichobaki cha ile kanga nyekundu kitengwe kwa ajili yake. Siku mbili zilipita nikisubiri majibu na ujumbe. Nilipoanza tena kushona, zilikuwa zimebaki siku 12.

Hapa sasa ndipo nilipojifunza somo ambalo ndilo nililokusudia kuliandika: muda unapobana, punguza kilicho chako, usipunguze kilicho cha mwingine.

Vipi vilivyo vyangu? La kwanza ni ufundi wa kujionyesha. Vipande vya sentimita 10 vilikuwa vya fahari yangu, ili wanawake wakiushika mfarishi waseme "mashaAllah, huyu ana mkono". Nilipokaa na kalamu niliona hesabu yake. Vipande vya sentimita 10 katika mfarishi ule ni 14 kwa 20, yaani 280. Ukiviunganisha safu kwa safu unashona viungo vifupi 260 na virefu 19. Ukikuza kipande kiwe sentimita 20 unapata 7 kwa 10, yaani vipande 70, viungo vifupi 60 na virefu 9. Ukikuza kipande mara mbili kwa upana na urefu, idadi inashuka hadi robo. Vile vidogo 72 nilivyokwisha kuvikata sikuvitupa. Nilivishona vinne vinne, vikawa miraba 18 ya kipimo kipya, na vile vya kanga nyekundu vikiwemo, kwani vilikuwa havirudi tena na mwenyewe alikuwa ameridhia vitumike. Miraba mingine 52 niliikata mizima kutoka katika nguo tulizoruhusiwa.

La pili ni namna ya kushikiza matabaka. Nilikuwa na ndoto ya kushona mistari ya mkono mwili mzima wa mfarishi, mshono mdogo mdogo, kazi ya wiki nyingi. Nikaiacha. Badala ya pamba, ambayo isiposhikizwa karibu karibu hukusanyika upande mmoja, nikaweka katikati blanketi jepesi kuukuu nililolifua vizuri. Matabaka yote nikayapiga bandi yasihame, kisha tukayashikiza kwa mafundo ya uzi mzito wa pamba: sindano inazama, inarudi juu karibu na ilipoingilia, unafunga fundo mara mbili na kukata uzi. Fundo moja katikati ya kila mraba na moja pale pembe nne zinapokutana, jumla mafundo 124. Shuka ya chini nilikuwa nimeiacha kubwa kidogo kila upande, nikaikunja kuja juu ikawa ndiyo pindo, bila kuhitaji kitambaa kingine.

La tatu, na ndilo gumu zaidi, ni kutaka sifa peke yangu. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nimefunga mlango. Sikutaka mtu aone kazi haijakamilika, wala aje aseme baadaye kuwa na yeye aliweka mkono. Lakini siku ile niliyopiga simu nilikuwa nimekwisha kuaibika, na mwenye kuaibika hana tena cha kuficha. Nikamwita wifi, nikamwita mke wa mwanangu, nikamwita na jirani mwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu, kwani umeme ukikatika yangu haina kazi. Yale mafundo 124 tuliyafunga wanne kwa jioni mbili, huku chai inanywewa na habari za mama zinasimuliwa. Mke wa mwanangu hakuwahi kumjua mkwe wangu huyo wa upande wa pili alivyokuwa. Nina maana hakumjua mama yangu alipokuwa na nguvu zake. Alimjua kwa nguo zake jioni zile mbili.

Sasa, vipi vilivyo vya wengine? Haki ya warithi nimekwisha kuieleza. Lakini haikuwa peke yake.

Ipo haki ya Mwenyezi Mungu. Nakiri kwamba katika zile siku za mwanzo nilikuwa nikiichelewesha Alasiri mpaka jua linakaribia kuzama, nikijiambia nimalize safu hii kwanza. Safu haiishi. Ukimaliza moja unaiona nyingine. Na kila swala niliyoiharakisha haikuniongezea hata kiungo kimoja, maana mikono yenye wasiwasi hushona ovyo na kufumua.

Ipo haki ya waliomo nyumbani. Mjukuu wangu mdogo alichomwa na sindano niliyoiacha kwenye mkeka, na badala ya kujilaumu mimi nilimgombeza yeye kwa kucheza karibu. Tangu hapo sindano zangu nazihesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na huzirudisha kwenye kopo lenye kifuniko. Chakula cha mchana kiliungua mara mbili. Mume wangu hakusema neno, lakini kunyamaza kwake nilikusikia. Tujiulize, dada zangu: zawadi inayopelekwa nyumba ya pili kwa gharama ya machozi ya nyumba ya kwanza, ni zawadi ya namna gani?

Ipo pia haki ya anayepewa. Yule binti hakuhitaji mfarishi wa kushangaza watu. Alihitaji kujifunika, na alihitaji bibi yake awepo. Vipande 70 vinatosha kwa yote mawili sawasawa na vipande 280.

Najua wako watakaosema, na wifi yangu mwingine alisema waziwazi: "Tabu yote hii ya nini? Sokoni yapo mablanketi, dakika kumi umemaliza." Sina ugomvi na mablanketi ya sokoni, na sipendi kumwona mtu akimdharau aliyeleta zawadi ya kununua. Aliyenunua naye ametoa jasho lake kupata zile pesa. Laiti kama nisingekuwa nimeahidi, ningenunua blanketi na kulala. Kama ndugu zangu wangekataa nguo, nalo pia lingekuwa jawabu langu: ningemwendea yule mtoto, nikamwambia ukweli, nikampa blanketi na kanga mpya. Ahadi haitimizwi kwa kilicho cha mtu mwingine. Ila kama nguo zipo, ruhusa ipo na mikono ipo, basi kwa nini tumnyime mtoto kitu ambacho soko haliuzi?

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya wanawake wasio na kazi. Nao nawakumbusha kwamba katika mapokezi tunasoma kuwa Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, akiwa nyumbani alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Sindano haijawahi kumshusha mtu cheo.

Mfarishi ulikamilika siku ya 18 baada ya Isha. Haukuwa mzuri kama niliouota. Safu moja imepinda, na mahali pawili pembe hazikukutana. Katika zile kanga zilizokatwa usiku wa haraka, herufi za jina zimechanganyika na huwezi kuzisoma. Sikuzificha. Bibi harusi alipoukunjua alianza kutaja: hii aliivaa Idi, hii alikuwa akinibebea, hii sijui. Alipofika kwenye miraba ile myekundu aliniuliza habari yake, nami nikamwambia yote, pamoja na kosa langu. Nilitaka aingie katika nyumba yake mpya akijua kwamba lile joto lina wenyewe wanne, na mmoja wao alilia.

Kile kilichobaki cha kanga nyekundu, pindo na kipande cha mji, nilikishona kikawa foronya mbili, nikampa mtu aliyekuwa anakwenda Kigoma. Mdogo wangu alizipokea, akashukuru. Hatujawahi kugombana tena juu ya jambo hilo. Lakini kanga ya siku ile ya bandarini haipo tena, na mimi ndiye niliyeikata. Sitaki kudanganya wasomaji kwamba foronya mbili zinalipa.

Kwa hiyo ndugu zangu, ikiwa mbele yenu kuna harusi, kuna arubaini ya mtoto mchanga, au kuna msafiri wa kuagwa, na mmeamua kushona kwa mkono, nawashauri haya machache. Kabla ya kufungua kasha la marehemu, waulizeni warithi wote, hata aliye mbali, hata yule mnayedhani atakubali. Hesabuni siku kabla ya kukata kitambaa, si baada. Zikiwa chache, kuzeni vipande, punguzeni mapambo, iteni watu. Swala ikifika, sindano ilale. Na siku ya kukabidhi ikiwadia na kazi bado, semeni ukweli na mpeleke kilichopo, kwani mfarishi unaweza kumaliziwa baadaye, lakini haki ya mtu ikikatwa vipande haiungiki.

Na lile kasha la mama? Ijumaa iliyofuata harusi tulilifungua tena, safari hii kaka akiwa amekaa pembeni yangu na wale wawili wakiwa kwenye simu. Kila kitu kikatajwa na kupata mwenyewe. Buibui limekwenda Uvira. Mimi nimepata kanga mbili na subana ya mama, ile ya shaba aliyoivaa kidoleni akishona. Inanipwaya kidogo, lakini ni yangu kwa ruhusa ya wote.